Mstari Mweusi Kwenye Picha ya Absalom

Jumatano moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1998, saa nane mchana ikiwa imepita kidogo, Dorine alifunua kifuniko cha skana akakuta kioo kitupu.

Alichungulia chini ya meza. Akatikisa magazeti ya zamani yaliyokuwa kando, akapekua kikapu cha taka, akarudi kukitazama kioo kana kwamba picha ingekuwa imerudi yenyewe. Haikuwa imerudi. Ndipo akaiwasha mashine. Taa ikawaka, kisha ikatoka tumboni mwake sauti ya krr, krr, krr, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na ile taa haikusogea hata upana wa kidole.

"Imeimeza!" alilia. "Mama Kultum, mashine imemeza picha ya mama wa watu!"

Kultum, mwenye duka, alikuwa ndio kwanza anatoka kuswali adhuhuri. Alikuwa mjane aliyekuja Migori kutoka Garissa na marehemu mumewe, akabaki kwa sababu wateja walimpenda naye akawapenda. Duka lake lilipiga chapa na kutoa fotokopi, na tangu Pasaka lilikuwa na hiyo skana, ambayo mtaa mzima ulikuja kuitazama ilipofika. Aliisikiliza ikikoroma, akaizima, akashika kichwa.

"Mwenyewe anakuja leo kuulizia picha yake, Dorine. Leo hii."

"Najua, Mama."

"Nenda polisi ukamwite Afande Bhoke. Usiseme na mtu njiani."

Sajenti Bhoke Gisiri alifika kwa miguu, kofia mkononi. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mwanamke wa umri wa kuitwa bibi, na alikuwa na desturi ambayo vijana wa kituoni waliicheka: kabla ya kuuliza swali lolote alikubali kikombe cha chai. Alikuwa ameona kwamba mtu anayekumiminia chai mikono yake hutulia, na mikono ikitulia hata ulimi hutulia. Kwa hiyo alikunywa chai ya Kultum yenye tangawizi, akashukuru, akageuka.

Mwenye picha alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mama mzee wa Uriri, kitambaa cheupe kichwani, mfuko wa karanga magotini. Kultum alikuwa amemwambia ukweli wote bila kuficha. Mama hakupiga kelele. Alikuwa akiukunja na kuukunjua ukingo wa ule mfuko.

"Mama, jina lako?"

"Phelesia. Mke wa Absalom. Marehemu Absalom."

"Picha ilikuwa ya nini?"

"Ya mume wangu. Amesimama langoni kwa boma letu, mwaka ule tulipoingia. Nyuma yake kuna ua wa ojuok, ile miti yetu ya maziwa maziwa tunayopanda kuzunguka boma. Ua umepita mbele huko, mpaka ng'ambo ya jiwe kubwa jeusi lililopasuka katikati. Jiwe liko ndani ya boma, afande. Umenisikia? Liko ndani."

"Nimesikia, Mama. Na sasa liko wapi?"

"Sasa liko nje." Akaukunja tena ukingo wa mfuko. "Mwaka jana nililazwa Homa Bay hospitali, nikakaa sana. Kurudi nakuta ua wa zamani umeng'olewa wote, kumepandwa ua mwingine mchanga, upande huu wa jiwe. Chemchemi imebaki kule. Shamba la viazi limebaki kule. Hayo maji ndiyo yamelea watoto wangu, na sasa wajukuu. Ijumaa wazee wanakuja na naibu wa chifu kukata mpaka. Waliokuwepo tukipanda ua wote wamekufa. Imebaki hiyo picha. Ni ndogo hivi, ndiyo nikaambiwa mashine ya hapa inaweza kuikuza, wazee waone vizuri."

"Nani aliyeng'oa ua?"

"Yuoro. Shemeji yangu, Japheth, ndugu ya Absalom. Boma lake limepakana na langu, lakini yeye anakaa Homa Bay, ana mashine ya kusaga unga huko."

Dorine na Kultum walitazamana. Bhoke aliliona hilo, naye akawa amefikiri kama wao.

"Japheth alijua una hiyo picha?"

"Hapana. Hata mimi sikujua. Niliikuta wiki iliyopita chini kabisa ya sanduku, nikaitia kifuani, nikaja nayo hapa. Sijamwambia mtu. Hata watoto."

Hapo ndipo kesi ilipojifunga kama mlango. Mtu mmoja tu alikuwa na sababu ya kuitaka picha ile, na mtu huyo hakujua kwamba ipo. Ama kuna aliyemwambia, ama mashine kweli ilikuwa imeimeza.

Bhoke aliamua kuanza na mashine, kwa kuwa mashine haikasiriki ikishukiwa.

"Dorine mwanangu, nionyeshe inavyofanya kazi. Mimi mjinga wa hivi vitu. Inaweza kumeza kweli?"

Dorine aliinua kifuniko. Kioo kilikuwa kimezungukwa na fremu ya plastiki pande zote nne, kimebana, hapakuwa na mwanya wa kupitisha hata ukucha.

"Sasa mdomo uko wapi?" Bhoke aliuliza.

Dorine alikitazama kioo, akacheka kidogo huku machozi yamemlenga. "Hauna mdomo, afande."

"Basi haikumeza. Lakini imekwamwa na kitu. Fundi wenu anasemaje ikigoma?"

"Fundi ni Cliff, wa Homa Bay. Anasema kwanza angalia umeme." Dorine aliangalia plagi, ilikuwa imeingia. "Halafu waya wa kwenda kwenye kompyuta, kama umelegea." Aliusukuma, ulikuwa umekaza. "Halafu lazima skana iwashwe kwanza ndio kompyuta ifuate. Ukianza na kompyuta, haitaiona skana, itakuambia hakuna kitu." Alizima vyote viwili, akaanza upya kwa utaratibu wake, wakangoja taa ipate moto. Krr, krr, krr.

"Na baada ya hapo?"

Dorine alisita. "Baada ya hapo ni kufuli. Chini kuna kufuli la safari. Ile taa inatembea ndani kama gari, sasa ukibeba mashine kwa barabara mbaya inagongagonga na kuvunjika. Kwa hivyo unaifunga kwanza. Ukisahau kuifungua, inanguruma tu, haisogei."

Waliinua mashine pamoja, wakaigeuza ubavu. Chini yake kulikuwa na kitufe cha duara chenye mfereji wa kuingiza sarafu, na alama mbili ndogo, moja ya kufuli lililofungwa na moja ya kufuli lililo wazi. Mfereji ulielekea kwenye lililofungwa.

"Umeifunga wewe?"

"Hapana! Afande, naapa."

"Mama Kultum?"

"Wallahi mimi leo ndiyo najua kuna kufuli."

Bhoke alichukua sarafu mfukoni, akaligeuza. Walipoiwasha tena, taa ilitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, laini kabisa.

Kultum hakufurahi. Alimgeukia msichana wake taratibu. "Dorine. Hapa Migori nani anajua hilo kufuli isipokuwa wewe?"

Na hapo Mama Phelesia aliinuka kwenye benchi, akaja akamshika Dorine mkono. "Huyu mtoto Jumatatu alinipa kiti chake akasimama yeye. Alikuwa anaishika picha yangu pembeni pembeni, kama anashika yai. Muulizeni, lakini muulizeni polepole."

Bhoke alimuuliza polepole.

"Hilo kufuli ulilijua lini?"

"Jana Jumanne. Fundi alinipigia simu. Picha ya mama ilikuwa inatoka na mstari mweusi toka juu mpaka chini, kila nikijaribu, mstari. Nikapangusa kioo kwa kitambaa laini, wapi. Jumatatu nikamtumia fundi ukurasa mmoja ulioharibika, kwa basi, auone. Jana akapiga, akasema nukta ikiwa moja ni uchafu juu ya kioo, lakini mstari mzima ni uchafu wa ndani, pale ukingoni mashine inapopimia mwanga wake. Mpaka aifungue. Akasema kama nitaipeleka Homa Bay niifunge kufuli kwanza. Nikamwambia tuna wateja, siwezi kuipeleka. Akasema basi niache picha pale pale kwenye kioo, atakuja Alhamisi aijaribie hiyo hiyo."

"Laini ilikuwa safi?"

"Mbaya sana. Fundi alikuwa anapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio."

Bhoke aliitikia kwa kichwa. Kisha: "Na leo mchana, duka lilikuwa na nani?"

Walieleza kwa kupokezana. Kabla ya saa saba Kultum alikwenda msikitini. Baadaye kidogo Dorine alivuka kwenda kula. Mlango waliurudisha tu bila kufuli, kama kila siku, kwa sababu mkabala nao kulikuwa na studio ya picha ya Kerosi, na Kerosi hukaa mlangoni kwake akiwalindia. Nao humlindia yeye akienda chakula.

"Huyo Kerosi," Bhoke aliuliza, "kabla ya skana kuja, mtu mwenye picha ya zamani alikuwa anaipeleka wapi?"

Kultum aliinamisha macho. "Kwake. Alikuwa anaipiga upya kwa kamera yake."

Kabla ya kuvuka barabara Bhoke aliwageukia wote. "Nisikieni. Hayo maneno ya mashine kumeza picha yasitoke nje ya mlango huu. Akiuliza mtu, semeni picha imepotea, basi. Mama Phelesia, hata kwako nyumbani."

Kerosi alikuwa mwanamume mwembamba wa Kisii mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, na alipomwona Bhoke alisimama haraka mno.

"Afande, mimi nilikaa hapa hapa. Sikuona mtu akiingia kwa Mama Kultum. Hata mbwa."

"Hukutoka kabisa?"

"Kabisa."

"Hukuingia ndani?"

"Sikuingia."

Bhoke alimtazama vidole. Vilikuwa na madoa ya kahawia, na vilinuka dawa ya kusafishia picha. Nyuma yake, kwenye kamba, kipande cha filamu kilining'inia kwa kibanio, na chini yake picha nne ndogo za paspoti zikiwa bado na unyevu.

"Hizo zilijisafisha zenyewe?"

Kerosi alizigeukia, kisha akarudi kukaa kwenye kigoda. "Afande, nisamehe. Unajua watakavyosema. Kerosi mashine ilimnyang'anya wateja, sasa Kerosi ameiba. Nilifikiri nikisema sikutoka, itaisha."

"Haikuisha. Sema sasa."

"Alikuja mteja mmoja, mzee. Anataka picha za paspoti, haraka haraka, anangoja. Nikampiga. Nikaingia chumba cha giza, huko huwezi kutoka kabla ya kumaliza, mwanga utaharibu kila kitu. Kumbe yeye alikuwa anajua hilo, aliniuliza kwanza, ati ukiingia huko utakaa sana? Nikamwambia tulia mzee wangu, keti kwenye kigoda changu, nitazamie na mlango ule pale." Kerosi alijipiga paji la uso. "Mimi mwenyewe, afande! Mimi ndiye nilimwomba alinde! Kutoka, kigoda kitupu. Na pesa zangu alishanipa zote. Nimekaa hapa nanung'unika, mtu gani analipia picha anaacha?"

"Alikupa jina?"

"Otuoma. Sijui kama ni lake."

Bhoke alizitoa zile picha kwenye kamba. Mzee mwenye uso mpana, ndevu za mvi zilizonyolewa vizuri, kichwa wazi, kofia ameishika kifuani. Aliitazama kamera kwa utulivu wa mtu ambaye hajulikani mji ule.

"Naomba hizi."

"Chukua. Na, afande, mwambie Dorine..." Alitafuta maneno. "Siku mashine yao inaletwa mimi ndiye niliyeibeba kutoka kwa gari. Sikuiombea mabaya."

"Utamwambia wewe," Bhoke alisema. "Atafurahi."

Alhamisi asubuhi, kabla fundi hajaondoka kuja Migori, Bhoke alikuwa tayari mlangoni pa karakana yake Homa Bay. Ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Cliff alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo.

"Karibu, afande! Ondoa hiyo televisheni ukae!"

"Asante. Jumanne ulimpigia Dorine simu ukiwa wapi?"

"Hapa hapa. Laini ilikuwa mbaya, nilipiga kelele mpaka koo likauma."

"Ulikuwa peke yako?"

Cliff alikuna shavu. "Wateja wanaingia wanatoka. Kulikuwa na Mzee Japheth wa posho mill, ile ya kusaga unga, alikuja kuchukua redio yake. Sikuwa nimeimaliza, akakaa pale ulipo wewe akangoja."

Bhoke hakubadilisha uso. Aliweka picha moja ya paspoti juu ya meza.

"Ndiye huyo!" Cliff alisema. "Ametoka vizuri. Ana safari?"

"Alisikia maneno yote ya simu?"

"Hata watu wa sokoni walisikia." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Kwani kuna nini, afande?"

Bhoke alimweleza. Kadiri alivyoeleza, Cliff alizidi kujikunja kwenye kigoda chake, mpaka sauti ikawa ndogo kama ya mtu mwingine. "Kwa hivyo mimi ndiye nilimfundisha. Kufuli, duka, picha iko wapi, vyote. Nilikuwa namwelekeza mwizi."

"Ulikuwa unamsaidia Dorine. Lakini kitu kimoja hakijaingia kichwani mwangu. Kusikia simu ni sawa. Alijuaje kwamba picha hiyo ni ya ndugu yake?"

Cliff aliinuka polepole. "Ule ukurasa," alisema. "Ule ukurasa wenye mstari ulikuwa umelala hapa mezani. Aliuangalia sana. Aliniuliza, hii karatasi mbovu utaitupa? Nikamwambia ndiyo, mzee, ni takataka. Jana asubuhi akapita tena mlangoni, akauliza kama nimeitupa. Nikamwambia nishatupa."

"Uliitupa?"

"Nilisema tu hivyo, nilikuwa na haraka. Karatasi nzuri, nene. Mtu hatupi."

Alikwenda kwenye kona. Juu ya stuli kulikuwa na redio iliyofunguliwa, na kando yake karatasi nyeupe iliyokunjwa kingo juu, imejaa skrubu ndogo ndogo ili zisibingirike. Cliff alizimwaga skrubu zote mezani, akaikunjua karatasi, akaigeuza.

Absalom alikuwa amesimama langoni kwake, kijana, mikono kiunoni, akicheka. Mstari mweusi ulishuka kutoka mbinguni, ukapita kwenye bega lake la kushoto, ukaingia ardhini. Upande wa kulia, safi bila doa, jiwe jeusi lilionekana na ufa wake katikati, na ng'ambo ya jiwe, ukiwa mrefu kama mtu, ua wa ojuok.

Bhoke aliitazama kwa muda mrefu. Halafu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini. Aliushika mkono wa shahidi kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki kwa kutotupa karatasi."

"Tumkamate mzee sasa hivi?"

"Bado. Tukimgusa leo na ile yenyewe bado anayo, ataitia motoni. Kesho atakuja Uriri mwenyewe, hawezi kukosa. Uje nawe. Ila usiseme kwa sauti yako hiyo."

Cliff aliziba mdomo kwa kiganja.

Ijumaa saa nne asubuhi wazee walikaa kwenye viti vya kuazima katika boma la Mama Phelesia, naibu wa chifu katikati yao. Phelesia alikuwa amepika nyoyo tangu alfajiri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, akiwa hajui kama analisha watu wa kumwokoa au wa kumnyang'anya. Bhoke alikuwa amefika na Dorine, Kultum, Kerosi na Cliff, wakakaa nyuma kabisa kama wageni wa jirani.

Japheth alikuja amevaa koti na kofia nyeusi ya ukingo. Aliwasalimu wote kwa adabu. Alipomwona Kerosi alisita kidogo tu, kisha akaketi akimpa mgongo.

Mzee mmoja alisimama kuomba. Wanaume wote walivua kofia, hata naibu wa chifu, hata kijana aliyekuwa akipita na ng'ombe akasimama njiani akavua yake. Japheth aliinamisha kichwa, akafumba macho, kofia ikiwa pale pale kichwani. Mzee wa pembeni alimgusa kwa kiwiko. Hakuivua. Bhoke, ambaye hakuwa amefumba macho, aliliona jambo hilo, akavuta pumzi ndefu.

Baada ya maombi Phelesia aliitwa.

"Nilikuwa na picha," alisema. "Ilikuwa inaonyesha ua mahali Absalom aliuweka. Niliipeleka Migori ikuzwe. Imepotea. Sina kingine, wazee wangu. Nina mdomo wangu tu."

Wazee waliguna kwa huruma. Japheth alisimama.

"Wazee, huyu ni mke wa ndugu yangu, simchukii. Lakini tutakata mpaka kwa picha ambayo hakuna aliyeiona? Hizi mashine za kisasa ni hatari. Kama imeimeza, imeimeza. Tusonge mbele."

Phelesia aligeuka kumtazama Bhoke, na Bhoke alikuwa tayari amesimama.

"Jaduong', mzee wetu, samahani. Nani alikuambia mashine imeimeza?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Mama amesema imepotea. Maneno ya kumeza yalisemwa ndani ya duka moja, na wote waliokuwepo niliwaambia yasitoke nje. Yule mwingine aliyejua ni mtu aliyeifunga mashine kufuli, ili ingurume tudhani imekwamwa na picha."

"Mimi sijui mambo ya mashine. Jumatano nilikuwa Homa Bay, nasaga unga."

"Kerosi," Bhoke aliita.

Kerosi alikuja mbele, akanyoosha kwa mikono miwili bahasha ndogo aliyopewa na Bhoke, kama anavyompa mteja yeyote. "Picha zako za paspoti, mzee. Uliziacha. Ulishalipa."

Picha ilipita kutoka mkono hadi mkono. Naibu wa chifu aliitazama, akamtazama Japheth, akaitazama tena.

"Na mimi," Cliff alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona, "mzee wangu, ile karatasi uliyoniuliza... sikuitupa."

Bhoke aliikunjua mbele ya wazee. Waliinuka kwenye viti wakaizunguka. Mmoja aliugusa ufa wa jiwe kwa kidole, kisha akainua macho, akalitazama jiwe lenyewe lililokuwa pale ng'ambo ya ua mchanga, lenye ufa ule ule.

"Absalom," alisema mzee mwingine. "Tazama anavyocheka."

Japheth hakukaa wala hakukimbia. Bhoke alimsogelea, akazungumza naye kwa sauti ya chini, ingawa wote walisikia.

"Jaduong', wewe ni mtu wa kanisa. Leo umeombewa na kofia kichwani. Ivue."

Aliivua. Mikono yake mikubwa iliingia kwenye bitana ya ndani, ikatoa picha ndogo yenye kingo zilizochakaa.

"Nilikuwa nimewasha jiko," alisema. Hakuwa akiongea na Bhoke. Alikuwa akimwambia shemeji yake. "Jumatano usiku. Niliishika juu ya moto. Nikaona anacheka. Siku hiyo ya picha mimi ndiye nilikuwa namchekesha, nimesimama kando ya mpiga picha. Nikashindwa."

"Ua uliung'oa kwa nini, Japheth?" Phelesia aliuliza.

"Kisima changu kilikauka. Nilikuwa namtafutia mwanangu mahali pa kujenga penye maji. Uliposema unaumwa, nilifikiri hutarudi. Ukarudi. Nikashindwa kuung'oa mara ya pili mbele ya watu."

"Ungeniomba."

Japheth alimnyooshea ile picha.

"Maji hayo tulikuwa tunateka wote, Japheth. Mke wako na mimi, mtungi kwa mtungi. Ungeniomba maji ningekunyima?"

Wazee hawakuchukua muda. Ua mchanga ungeng'olewa, wa zamani ungepandwa upya ng'ambo ya jiwe, na Japheth ndiye angeupanda, kwa mikono yake. Habari ya wizi ilikuwa ya Bhoke, naye alimwambia Japheth kwamba mchana watakwenda pamoja Migori kuandika maelezo, na ya mbele yataamuliwa na mahakama. Japheth aliitikia. Phelesia alimpelekea sahani ya nyoyo kwanza. Bhoke aliwaachia muda wa kula.

Mama alizunguka kwa kila aliyekuja, na kwa kila mmoja alisema erokamano, asante, akitaja la kila mtu: Dorine kwa kiti, Kultum kwa chai na kwa kutomficha ukweli, Cliff kwa karatasi. Alipofika kwa Bhoke akamwekea mfuko wote wa karanga mapajani.

"Mama, hizi nyingi."

"Una wajukuu. Nimekuona unavyowatazama wangu."

Dorine aliichukua ile picha ndogo. "Mama, Cliff anakuja kuifungua mashine leo jioni. Mstari utaisha. Kesho nitakukuzia ingine safi kabisa, hiyo mbovu tutaitupa."

"Hakuna kutupa!" Phelesia aliinyakua karatasi kwa nguvu, wote wakacheka, hata Cliff, na sauti yake ikarudi ikafika mpaka barabarani.

Kerosi alikuwa amekuja na kamera. Alimsimamisha Phelesia langoni, mahali pale pale, akarudi nyuma, akapima, akasogea kushoto mpaka jiwe likaingia. "Tayari, Mama. Teremsha hiyo karatasi, inakufunika."

Phelesia hakuiteremsha. Aliishika kifuani, uso wa Absalom ukitazama mbele.

"Mstari utaonekana, Mama."

"Uonekane," alisema. "Piga."